Benchi la Xaveria

Mwalimu Rosalia alikaa Wales wiki tatu, na aliporudi Babati alizisimulia kwa miezi mitatu. Hakuna aliyemlaumu. Nani mwingine katika jumuiya ile ya akina mama aliwahi kupanda ndege, achilia mbali kwenda kushukia kwenye kijiji ambacho hata Waingereza wenyewe, kwa maneno yake, hawawezi kutamka jina lake? Kijiji kinaitwa Cwmhelyg. Akina mama walijaribu mara mbili tatu, ulimi ukagoma, wakakubaliana kukiita Kumuhelegi. Mwalimu akawaachia hivyohivyo maana hata yeye, tuseme ukweli, alikuwa anabahatisha.

Simulizi kubwa aliitoa Jumapili ya kwanza baada ya misa, sebuleni kwa Xaveria kule Nakwa. Hapo ndipo palipostahili. Xaveria ndiye aliyekuwa na rafiki Cwmhelyg, bibi mmoja aitwaye Gwen, na urafiki wao ulikuwa umetimiza miaka kumi na moja bila wao kuonana hata siku moja. Ulianza pale akina mama wa parokia na wanawake wa kanisa la kule walipopangiwa kila mtu na mwenzake wa kuandikiana kadi. Wengine waliandika mwaka wa kwanza kwa bidii, wa pili kwa kusukumwa, wa tatu wakasahau. Xaveria na Mama Gwen hawakuacha, kwa sababu wote wawili walikuwa wajane na wote wawili walikuwa wafugaji wa kondoo, na mtu anayefuga kondoo hakosi la kusema.

Sasa hapa pana jambo la kuelewa. Xaveria anasoma Kiswahili vizuri, na Kigorowa ndicho alichozaliwa nacho, lakini Kiingereza kilipita mbali naye. Kila baada ya miezi miwili alikuwa anavaa kitenge chake kizuri, anakwenda Maisaka kwa Mwalimu Rosalia, anakaa kibarazani na kusema habari zake, na Rosalia anaziweka kwenye Kiingereza. Majibu nayo yalisomwa hapohapo. Rosalia alikuwa amewafundisha watoto wote wa Xaveria, mpaka Remigius aliyeko migodini Mirerani, na tangu astaafu hakuna watu waliokuwa karibu katika Babati nzima kama hao wawili. Watu walikuwa wanawatania kwamba siku mmoja akiumwa jino, mwingine ndiye atakayeng'olewa.

Kwa hiyo Rosalia alipomwambia, mwezi wa tatu, kwamba amepata safari ya walimu wastaafu kwenda Uingereza na kwamba ataomba ruhusa apite Cwmhelyg kumsalimia Mama Gwen, Xaveria alifurahi utadhani anasafiri yeye. Alipamba kibuyu kidogo kwa shanga nyeupe na bluu. Alimpa Rosalia maneno ya kusema akifika, akamrudisha mlangoni mara mbili kumwongezea mengine.

Turudi sebuleni. Rosalia alianza na mvua. Mvua ya kule, alisema, hainyeshi ikaisha. Inakaa tu hewani, mtu anavaa koti la plastiki na kuendelea na shughuli zake. Kijiji chenyewe ni barabara moja inayopanda kilima, nyumba za mawe zimeegemeana pande zote mbili, mapaa meusi yanang'aa kwa maji. Nyumba hazifiki arobaini. Kuna baa moja, ambayo ndiyo ukumbi wa mikutano, ndiyo duka la mayai, na Jumanne ndiyo posta. Makanisa yalikuwa matatu. Mawili yamefungwa, na moja kati ya hayo mtu amelinunua na analala humo na mkewe. Akina mama wakaguna. Kulala kanisani na mke, hilo lilihitaji muda wa kumeza.

Kisha akawapandisha vilimani. Vilima vya kule havina miti, vimegawanywa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila tone la saruji, na ukuta mmoja unaweza kuwa na umri wa miaka mia tatu. Kondoo wako kila mahali, wamepakwa rangi mgongoni ili wa huyu wasichanganyike na wa yule. Mtu anasimama chini anapiga mluzi tu, mbwa ndiye anayekwenda kuwaleta. Barabarani vibao vina lugha mbili, na ya juu si Kiingereza. Ni lugha ya kwao, ya nyumbani, na Mama Gwen akigonga kidole anatukana kwa hiyo. Akina mama walicheka, maana hata wao wakigonga vidole hawatukani kwa Kiswahili.

Xaveria aliyajua karibu yote haya. Alimsahihisha Rosalia kwamba kondoo wa Mama Gwen wana alama ya bluu kwenye bega la kushoto, si mgongoni, na Rosalia akakiri kuwa ni kweli. Aliuliza kama ule mlango wa zizi bado unafungwa kwa kamba. Aliuliza kuhusu ziwa dogo lililo nyuma ya kilima, ambalo Mama Gwen aliwahi kuandika kwamba halina hata kiboko mmoja, akilionea wivu Ziwa Babati. Tena Xaveria alikuwa amejifunza kazi kutoka kule. Mwaka fulani Mama Gwen alimweleza kwamba mwanakondoo aliyefiwa na mama yake anaweza kupewa kondoo aliyefiwa na mtoto: unamchuna yule aliyekufa, unamvika yatima ngozi ile kama koti, mama ananusa, anadhani ni wake, anakubali anyonywe. Xaveria alijaribu, na nusu ya Nakwa ilikuja kuangalia. Ilifanikiwa, na tangu siku hiyo alihesabiwa kuwa mtaalamu.

Alikisikiliza kile kijiji, basi, kama mtu anayesimuliwa habari za kwao. Alikuwa na furaha safi, isiyo na kijiwivu hata kidogo, na hilo ni jambo la kukumbukwa.

Simu ikaanza kuzungushwa, picha zikipita. Mama Gwen mlangoni, mwembamba, mabuti ya mpira. Mama Gwen na mbwa. Rosalia na Mama Gwen na mkate mweusi wenye zabibu. Ukuta. Kondoo. Benchi la mbao juu ya kilima, linaangalia bonde. Rosalia alilipitisha upesi, lakini Xaveria alimshika mkono.

"Rudi nyuma, Mwalimu."

Kwenye mgongo wa benchi palikuwa na kibao cha shaba, na kwenye kibao maneno ya lugha ile ya kule, na katikati ya maneno hayo, wazi kabisa, jina lake. Xaveria. Rosalia aliinua kikombe, akanywa chai, akakiweka chini. Halafu akasema kwamba ndiyo, alitaka liwe jambo la mwisho la kuwashtukiza, kwamba watu wa Cwmhelyg wamempa Xaveria heshima, wamemwekea benchi.

Sebule ililipuka kwa vigelegele. Ili ujue kwa nini, inabidi uingie kwenye kanisa lao. Pale parokiani kila benchi lina jina nyuma, jina la mtu aliyelitoa. La tatu kutoka mbele limeandikwa Theodori, fundi seremala, na Theodori huketi hapohapo kila Jumapili ili watu wasije wakasahau. Kuwa na benchi ni kuwa mtu. Xaveria hakuwahi kuwa na uwezo wa kutoa hata la nyuma mlangoni, na sasa, bila kutoa ubao, anaambiwa analo moja huko ng'ambo, juu ya kilima, jina limechongwa kwenye shaba. Alilia mbele za watu, wala hakujificha.

Aliomba picha ile ikasafishwe mjini. Ikatoka kubwa, ikatiwa fremu, ikatundikwa sebuleni juu ya televisheni. Kila aliyeingia alionyeshwa. Wapo waliojua Kiingereza waliosogea kuisoma na kurudi nyuma wakitikisa kichwa, kwamba hiyo si lugha wanayoijua, lakini hongera sana, Mama Remi. Hata Theodori alikuja, akalitazama lile benchi kwa jicho la fundi, akasema mbao zake ni nzuri, shingo upande.

Jambo moja tu lilimsumbua Xaveria. Barua za Mama Gwen zilikuwa zimekatika. Rosalia alimweleza kwamba bibi ana miaka themanini na minne, mikono inatetemeka, macho yameingia ukungu. Alimletea blanketi la sufu kutoka kwake, na je, mtu aliyekusahau hukupa blanketi? Xaveria aliona ni kweli. Mwezi wa sita ukapita, wa saba, wa nane, na kila alipokwenda Maisaka na habari za kondoo, Rosalia aliandika na kusema majibu yatakuja.

Mwezi wa tisa kondoo wake wawili wakaanza kuchechemea. Akamwita Anthony, afisa mifugo, mtu wa makamo mwenye mvi kidevuni na tabia ya kusoma kila kilichoandikwa, mpaka karatasi ndogo inayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Alizisafisha kwato, akachoma sindano, akakaribishwa chai ndani. Na kwa vile ni Anthony, hakuweza kukaa chini ya maandishi asiyoyajua. Akauliza ni lugha gani. Xaveria akasema ni ya kwao kule, ya nyumbani. Anthony akasimama, akaielekezea simu yake picha ile, akieleza kwamba siku hizi simu zinatafsiri lugha zote, hata zile ambazo wenyewe wamezisahau.

Akasoma. Akarudia. Akaifuta simu kwenye suruali na kuielekeza tena.

"Mama Remi, hii simu nayo wakati mwingine inakosea," alisema.

Xaveria alimwambia asome tu.

Maneno yalikuwa machache. Kwa kumbukumbu ya Xaveria, rafiki wa mbali. Xaveria alisema mbona ni vizuri, wanamkumbuka.  Anthony alikuwa tayari ameyachukua yale maneno matatu ya mwanzo na kuyatafuta, na zilikuwa zimemjia picha. Alisita, kisha akaona kumficha mtu mzima ni kumdharau, akamgeuzia simu. Lilikuwa kaburi. Akasogeza kidole: kaburi lingine, jiwe la kijivu, maneno yaleyale matatu, chini yake jina la mtu. Lingine. Lingine. Mengine yalikuwa mabenchi, na Anthony akasoma akaona kwamba kule mtu akifa huwekewa benchi mahali alipopapenda, ili walio hai wapumzike hapo wamkumbuke. Aliye hai hawekewi.

Xaveria alimshukuru, akamfungia mayai kumi na mawili, akamsindikiza mpaka njiani. Aliporudi ndani alikaa chini ya picha ile akaiangalia mpaka mbuzi wa jirani wakaingia kwenye mahindi, na hata hao aliwaacha wale.

Kesho yake asubuhi alikwenda Maisaka. Hakuvaa kitenge kizuri. Rosalia alikuwa kibarazani anachambua mchele, na alipomwona akasogeza kiti kilekile cha siku zote. Xaveria hakukaa.

"Mwalimu," alisema, "uliniua lini?"

Mtu mwingine angeuliza una maana gani. Mtu mwingine angecheka. Rosalia aliweka ungo chini polepole, na mikono ikabaki haina kazi.

"Mwezi wa pili," alisema.

"Nikafa kwa nini?"

"Presha."

"Nikazikwa wapi?"

"Singe. Kwa wazazi wako."

Xaveria alisema angalau hapo hakukosea. Kisha akakaa kwenye kile kiti ambacho hakutaka kukikalia.

Yakatoka yote. Hapakuwa na safari yoyote ya walimu wastaafu. Mwezi wa kwanza ilikuja barua ya Mama Gwen. Watu wa kijiji walikuwa wamechangishana, kwa kuuza keki na kuimba, wamepata nauli ya mtu mmoja. Wanamtaka Xaveria aje mwezi wa nne, wakati kondoo wanazaa, aone kwa macho yake. Chumba kimeshapakwa rangi. Rosalia aliisoma barua ile peke yake, ndani, mlango umefungwa. Aliisoma mara nyingi, alisema, na kila mara aliposoma jina Xaveria alikuwa anasikia kama anaitwa yeye. Akawajibu kwamba Xaveria amefariki, nao wakampa yeye nauli ile aje kwa niaba ya marehemu.

"Miaka kumi na moja, Mama Remi. Ulikuwa unakuja hapa unasema sentensi tatu: kondoo wamezaa, mvua imechelewa, msalimie. Mimi natoa kurasa mbili. Yale maneno aliyoyapenda yule bibi, nani aliyatafuta? Mimi nilikuwa sijawahi kuvuka Namanga. Nikasema basi, mara moja tu, niende nikaone watu ninaoongea nao."

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Xaveria alifikiri kwa haki, maana ni mtu wa haki. Hakujua. Huenda angempa, huenda angegoma. Lakini kuulizwa kulikuwa kwake, na hakuulizwa. Akauliza kitu kingine kilichomjia hapohapo, kwa nini Rosalia hakusema tu kwamba yeye Xaveria anaumwa. Mtu anaumwa, rafiki yake anakwenda badala yake, yakaisha.

Rosalia alitazama chini. "Wangesubiri upone," alisema.

Hapo ndipo ilipomuuma kweli. Alikuwa amekuja na hasira, na hasira ni kitu cha kubeba tu, inakuwezesha kutembea kutoka Nakwa mpaka Maisaka. Hili lilikuwa lingine. Kwamba kule ng'ambo walikuwapo watu wanaomsubiri, wangemsubiri mwezi, wangemsubiri mwaka, na kwamba mtu aliyelijua hilo kuliko wote ndiye aliyeona dawa yake ni kumzika. Na alikaa naye, akanywa chai yake, akasikia vigelegele. Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa miezi yote ile, akamwacha atundike tangazo la kifo chake mwenyewe ukutani na kuwaita watu waje kulisifia. Xaveria aliona aibu, na aibu ile ilimchukiza zaidi kwa sababu haikuwa yake.

Rosalia alilia. Alipiga magoti kwenye saruji, mwalimu mzima, nguo imejaa makapi ya mchele, akasema usiku hapati usingizi, akasema alipoonyeshwa lile benchi alitapika nyuma ya ukuta na Mama Gwen akadhani ni huzuni. Aliomba aambiwe afanye nini.

"Andika," Xaveria alisema. "Waambie mimi ni mzima."

Rosalia aliingia ndani akatoka na karatasi na kalamu, akakaa mezani, akauliza, kama siku zote, aandike nini. Xaveria akasema: Gwen, mimi niko hai. Sikuumwa wala sikufa. Aliyekuambia atakueleza mwenyewe kwa nini alisema hivyo. Kondoo wawili waliumwa kwato lakini wanapona.

Rosalia aliandika. Aliandika kurasa mbili, mbele na nyuma, machozi yakidondoka mpaka akalazimika kubadilisha karatasi. Xaveria aliona kwamba ni ndefu kuliko alivyosema, akaona ni sawa, maana mtu anayeomba radhi anahitaji nafasi. Ilimpitia kichwani kwamba anaweza kumpelekea Anthony aisome kwanza. Akaliondoa wazo hilo. Kumpa Anthony barua ile ni kumwanika Rosalia Babati nzima, na miaka thelathini ya urafiki haianikwi kwa siku moja. Tena alitaka kuamini. Hilo nalo liwekwe wazi: alitaka sana kuamini, kwa sababu asipoamini, alikuwa amempoteza Gwen na Rosalia kwa mkupuo mmoja, na umri wake si wa kutafuta marafiki wapya. Lakini hakuwa mjinga. Alisema barua ataipeleka posta mwenyewe. Rosalia akampa bila ubishi, ikiwa wazi, na Xaveria akaifunga kwa mate yake.

Alipofika nyumbani aliishusha ile picha, akaigeuza uso ukutani. Waliouliza aliwaambia fremu imeliwa na mchwa.

Akasubiri. Mwezi wa kumi, kimya. Wa kumi na moja, kimya. Alijiambia kwamba habari kama hiyo inataka muda, kwamba bibi wa miaka themanini na minne hawezi kusoma tu kwamba maiti imefufuka na kuchukua kalamu siku hiyohiyo. Alikuwa ameanza hata kwenda Maisaka tena, si kukaa sana, kupita tu, kuuliza kama kuna kitu kimekuja. Rosalia alikuwa anamtengenezea chai na kusema bado, tuombe Mungu, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. Noeli ikafika. Kila mwaka kadi ya Mama Gwen ilikuwa inafika kabla ya siku kumi za Januari, ina kondoo kwenye theluji na nyuma yake namba ya simu ya nyumbani, na maneno kwamba apige siku yoyote. Xaveria hakuwahi kupiga. Angesema nini, kwa Kiingereza gani?

Siku kumi zikapita, kadi haikuja. Xaveria akapiga moyo konde, akamwita Anthony na kumweleza yote toka mwanzo, akamwomba ampigie ile namba na kumtafsiria. Kabla ya hapo alikaa siku tatu zizini akijifundisha sentensi moja ya Kiingereza, ile ya kusema jina lake ni nani na kwamba yu hai. Aliwasemea kondoo mpaka wakamzoea.

Walipiga saa tisa alasiri, ambayo Anthony alisema kule ni mchana. Simu iliwekwa mezani, sauti imefunguliwa. Iliita muda mrefu. Kisha ikapokelewa, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili Xaveria akaisikia sauti ya Gwen. Ilikuwa kavu kidogo, ya mtu aliyetoka nje kwenye baridi, na alipoisikia Xaveria alitabasamu kabla hata hajajua inasema nini.

Akasema sentensi yake. Hakukosea neno.

 Upande wa pili mbwa alibweka mara moja, akanyamazishwa. Xaveria akaona labda hakusikika, akairudia, safari hii kwa nguvu zaidi, akaongeza jina la kijiji na jina la Rosalia, akaongeza kwa Kiswahili kwamba ni mimi, Gwen, ni mimi wa kondoo.

Ndipo Mama Gwen akaanza kusema. Alisema taratibu, bila ukali, kama anayezungumza na mgonjwa. Alisema kwa muda. Anthony alikuwa ameinama kusikiliza, na Xaveria akauona uso wake unabadilika, na akamwona anafungua mdomo kumkatiza, kisha anaufunga, maana simu ilikuwa imekatika.

"Amesemaje?"

Anthony alisema bibi amezeeka, hajaelewa vizuri, watajaribu siku nyingine. Xaveria akamwambia asimfanye mtoto. Atafsiri neno kwa neno, kama alivyosema.

Anthony akavuta pumzi.

"Amesema: Rosalia aliniandikia mwezi wa tisa. Akanieleza kwamba yupo mwanamke huko, ndugu wa marehemu, aliyechanganyikiwa akili tangu mazishi, anajiita Xaveria. Akasema siku moja utanitafuta. Akaniomba nisikukasirikie ila nisikusikilize." Akatazama mlango. Xaveria akamwashiria amalize. "Amesema: Rosalia nimekaa naye ndani ya nyumba yangu wiki tatu, namfahamu. Na Xaveria nimeshamlilia. Mimi ni mzee, siwezi kumlilia mtu mmoja mara mbili. Pole sana, binti. Usipige tena."

Baada ya hapo Anthony alisema mengi. Watapiga picha ya kitambulisho chake, watapata barua ya mtendaji yenye muhuri, watamtafuta mchungaji wa kule, lazima yupo, watu hawawezi kushindwa kuthibitisha kwamba mtu aliye hai yu hai. Alikuwa amesimama, ana hasira kuliko mwenye jambo. Xaveria alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Mwezi wa tisa," alisema. "Umesikia vizuri? Amesema mwezi wa tisa?"

Anthony akasema ndiyo, mwezi wa tisa.

"Hiyo niliipeleka mimi," Xaveria alisema. "Nilikwenda nayo posta kwa miguu. Nikamuuliza yule dada wa dirishani mara mbili kama kweli itafika."